Divai ya Mwaka Aliokufa Zeferino

Ilipokaribia saa tano asubuhi, wakati tumbo limeanza kudai na ulimi uko macho, Otília alipanga glasi juu ya meza nyeupe ya chumba cha kuonjea. Dirisha lilitazama kaskazini ili jua lisiwadanganye watu kuhusu rangi. Chini, ng'ambo ya mto, kengele za mji wa Porto zilikuwa zikigombania saa kama kawaida yao. Alimimina kiasi kidogo katika kila glasi, akaifunika kwa kisahani, kisha akasogeza ndoo za shaba za kutemea karibu na viti. Glasi ya mwisho mkono wa kulia aliimimina taratibu kuliko nyingine. Ilikuwa divai ya shamba la Vale de Corça, na ndani yake alikuwemo baba yake, Zeferino.

Jambo hilo halikuwa siri. Mzee Horácio, mchanganyaji mkuu wa divai wa Nyumba ya Varejão, kampuni iliyomiliki shamba lile, aliligundua wakati wa baridi alipokuwa akizunguka ghalani kuonja mapipa. Alipotema tu, mdomo wake ulisema kwa sauti ya Zeferino na lafudhi ya milimani, "Mshumaa umezimika, Bwana Amândio." Mzee Horácio alisuuza kinywa, akachora alama ya chaki kwenye pipa, akaenda kula. Baada ya chakula alimweleza Otília, msaidizi wake, kwamba marehemu yumo, na kwamba hajapata kuonja divai nzuri kama ile tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

Zeferino alifia ndani ya tangi huko shambani wakati wa mavuno. Zabibu zinapochemka hutoa hewa nzito isiyo na harufu, nayo hulala chini ya tangi hata divai ikishatolewa. Kwa hiyo, kabla mtu hajaingia na koleo kutoa makapi ya zabibu, hushushwa mshumaa kwa kamba. Ukiwaka, anaingia. Ukizimika, watu hukaa kivulini wakavuta sigara hadi hewa ibadilike. Kila mtoto wa bonde lile analijua hilo kabla hajajua kusoma. Zeferino aliingia na hakutoka, na Nyumba ikatoa taarifa kwamba marehemu alikuwa amelewa na aliingia kwa utashi wake bila kushusha mshumaa. Zeferino alikuwa na vidonda vya tumbo. Tangu ujana wake alikunywa maziwa ya uvuguvugu tu, na wenzake walimwita Ndama. Lakini taarifa ilisomwa kanisani, na kijiji kikaikubali kama kinavyokubali utabiri wa mvua. Makapi aliyoangukia yalikamuliwa siku ileile, kwa kuwa yalikuwa ya zabibu bora za mwaka ule.

Mama yake Otília, Gracinda, alitaka kitu kimoja tu: Nyumba iseme kwamba mumewe hakulewa. Alilisema hilo mara moja, mezani, akimenya viazi, na hakulirudia.

Ndiyo maana Otília alimwendea Mzee Horácio kumwuliza pipa lile litafanywa nini. Mzee alimjibu kwa kirefu, kwa sababu swali lilihusu kazi. Wakiimwaga kwenye tangi kubwa la rubi, ile divai changa nyekundu inayonywewa ingali na harufu ya matunda, Zeferino ataenea katika maelfu ya chupa, na kila mnywaji atapata kikohozi kidogo asijue ni cha nani. Wakiigawa katika mapipa madogo kuzeeka kwa miaka mingi, ile ya hudhurungi yenye ladha ya lozi na tini kavu, basi mbao zitapumua, na kila mwaka atavuja kidogo pamoja na rangi yake mpaka abaki mnong'ono. Njia ya tatu ni kuitangaza kuwa Divai ya Mwaka. Hiyo haichanganywi na mwaka mwingine wala haikawii mapipani. Inafungwa chupani ingali nyeusi na kali, pamoja na kila kilichomo.

"Na maneno yake?"

"Nimesema kila kilichomo."

Kutangaza, hata hivyo, ni kazi ya mwenye Nyumba. Na kwa Varejão kulikuwa na desturi iliyotoka kwa babu wa babu: rubi mwenye Nyumba anaiweka ulimini na kuitema, ya mapipa anaizungusha kinywani, lakini Divai ya Mwaka lazima akae nayo mdomoni kwa muda wa Salamu Maria nzima, tena isomwe kwa sauti na aliye mdogo kuliko wote mezani, ili bwana asije akaharakisha. Otília alikuwa amekwisha kujaribu divai ile ghalani. Kadiri mtu alivyokaa nayo, ndivyo baba yake alivyoendelea kusema. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mwisho, kila mara aliitema mapema.

Bwana Baltazar Varejão, mwenye Nyumba, aliingia akinusa hewa, kwa sababu safari moja mgeni alikuja na manukato wakapoteza siku nzima. Nyuma yake akaja Amândio, nyapara wa Vale de Corça, aliyekuwa ameteremka kwa treni, maana siku ya kutangaza nyapara wa shamba huitwa. Aliketi karibu na mlango, kofia magotini.

Walianza na glasi za kushoto. Walionja, wakatema, wakasemezana kwa maneno mafupi. Hii ya rubi, tamu, haina kina. Hii ipelekwe mapipani, ina subira. Hii ina uchungu wa vikonyo, nani aliikamua namna hii? Bwana Baltazar alikuwa na ulimi mzuri, hata adui zake walikiri. Wakafika glasi ya mwisho.

Mzee Horácio alionja kwanza. Alitema, na mdomo wake ukasema, "Mshumaa umezimika, Bwana Amândio."

Amândio alitazama kofia yake.

Otília alionja wa pili. Alikaa nayo zaidi kidogo, ufizi ukamkaza, akatema. Sauti ya baba yake ilitoka nzito kinywani mwake. "Mshumaa umezimika, Bwana Amândio. Unasema ni upepo, lakini humu hamna upepo."

"Huyu ana mdomo," alisema Bwana Baltazar. Aliinua glasi yake, akaiinamisha juu ya kitambaa cheupe kutazama rangi. Ukingoni ilikuwa zambarau, katikati hapapenyi mwanga. Akainusa, akafumba macho, akainusa tena. Halafu akaiweka chini bila kuionja, akasema anaona afadhali iende kwenye tangi la rubi.

Mzee Horácio alisema kwa heshima kwamba hiyo itakuwa sawa na kutia mwanakondoo wa Pasaka kwenye supu ya wafungwa. Akaongeza kwamba majirani wote mtaani watatangaza mwaka huu, na Nyumba ya Varejão ndiyo itakayokaa kimya.

Bwana Baltazar alizungusha kitako cha glasi. Alimtazama Amândio, na Amândio hakuinua uso. Otília alisogeza ndoo ya shaba karibu zaidi na kiti cha bwana. Aliwaza kwamba mtu hawezi kusema jambo kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi, kisha aendelee kulikana.

"Haya, binti," Bwana Baltazar alisema hatimaye. "Sali."

Akatia divai kinywani.

Otília alianza. "Salamu Maria, umejaa neema." Alisali polepole. Hakuna desturi iliyokataza kusali polepole. Alipofika kwenye maneno "mzao wa tumbo lako", shavu la Bwana Baltazar lilianza kuchezacheza kama kuna mtu anagonga kwa ndani. Kwenye "utuombee sisi wakosefu", machozi yalimtoka, lakini divai changa huwatoa watu machozi. Alisubiri amina. Akainamia ndoo akatema, akanyooka, na mdomo wake ukafunguka.

"Mshumaa umezimika, Bwana Amândio. Unasema ni upepo, lakini humu hamna upepo. Mpigie simu Bwana Baltazar, mwombe tungoje mpaka jioni." Hapo mdomo ulinyamaza kidogo, kama mtu anayemsubiri mwenzake arudi kutoka kwenye simu. "Kasemaje? Lori liko njiani, niingie tu? Sawa. Nishikie kamba." Halafu, kwa chini zaidi, "Nishikie kamba, Amândio."

Mdomo ukafunga. Amândio alikuwa amekunja kofia yake mpaka imekuwa kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Bwana Baltazar alijipangusa kwa leso, pembe moja ya mdomo baada ya nyingine. "Inakaa mdomoni muda mrefu," alisema. "Ina nguvu, haina kasoro. Tunatangaza."

Mzee Horácio aliandika.

"Umesikia ulichosema, Bwana Baltazar?" aliuliza Otília.

"Nimesikia. Lakini sikusema mimi, binti yangu. Imesema divai. Mimi nilikuwa naonja."

"Basi ile taarifa kwamba baba alilewa ifutwe."

"Taarifa ni mambo ya ofisini." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. "Hapa tunaonja."

Amândio aliuliza kama anaruhusiwa kwenda, asije akakosa treni. Akaruhusiwa. Otília alikusanya glasi, akazisuuza kwa maji matupu, kwa kuwa sabuni huharibu kionjo.

Wakaguzi wa divai walipita, wakaonja, wakasema mshumaa umezimika, wakagonga muhuri. Divai ikafungwa chupani. Wanunuzi wa mbali waliosifu ladha yake waliuliza kuhusu maneno, na Nyumba ikawajibu kwamba ndiyo tabia ya Divai ya Mwaka ikiwa changa. Wailaze kwa ubavu mahali penye giza kwa miaka ishirini, nayo itatulia.

Kiangazi Otília alipanda kijijini na chupa moja. Mama yake aliishika kwa mikono miwili na kuuliza kama Nyumba imesema. Otília akajibu kwamba imesema, mbele ya watu watatu, na kwamba taarifa imebaki vilevile. Otília akamweleza namna ya kuitunza: giza, ubavu, miaka ishirini, mpaka atulie.

"Mimi sitaki atulie," alisema mama yake, akaenda kuleta kizibuo.

Hakuitema. Hajawahi kutema chakula maishani mwake. Jioni nzima Gracinda alikaa dirishani na glasi, na Zeferino akasema kwa kinywa chake, mshumaa, upepo, simu, lori, kamba, kisha akaanza tena. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Waliotoka mashambani walipita wakasema, "Jioni njema, Zeferino," na yeye alikatiza maneno yake kuwaitikia, akawauliza hali ya mizabibu, halafu akarudi kwenye mshumaa. Wengine walisimama wakasikiliza mpaka mwisho. Otília aliwahesabu kwa macho kutoka jikoni, akaona kwamba sasa kijiji kizima kinajua.

Asubuhi walikwenda wote wawili kununua mkate. Foleni ilifika mlangoni. Piedade, mwoka mikate, alimfungia Gracinda mkate wake kwenye karatasi, akamshika mkono.

"Nimemsikia mumeo jana, dada. Sauti ileile, utadhani yupo. Na harufu ya divai mpaka huku kwangu." Akatikisa kichwa. "Maskini Zeferino. Kumbe hata huko aliko hajaacha kunywa."

Watu kwenye foleni wakaguna kwa huruma. Gracinda akaupokea mkate, ungali moto, akawapisha.