Ukuta wa Maabara ya Gesi

Saa mbili asubuhi mpimaji alijaza gesi kwenye bomba la kioo, akawasha taa, akapitisha mwanga. Kazi yake pale kiwandani ilikuwa hiyo. Gesi ya kupikia haina rangi, lakini hupinda mwanga kidogo, na kwa kiasi cha mpindo huo mtu hujua kama ni safi. Kila siku jibu lilikuwa moja nukta sufuri sufuri, na tarakimu chache ambazo hakuna aliyewahi kuziulizia.

Jumatatu hiyo mwanga ulipinda zaidi. Ulitoka bombani, ukakata kona mlangoni, ukavuka uwanja hadi tangi la tatu, kisha ukarudi ukatua ukutani ukiwa na shemeji yake. Shemeji alikuwa mchomeleaji. Aliungua akafa kwenye tangi hilo miezi mitano nyuma, na ripoti ilisema alikuwa anavuta sigara kazini. Pale ukutani alikuwa amechuchumaa, kiganja kimeziba ufa chini ya koki ya tangi.

Mpimaji alifuta kioo, akarudia. Shemeji alikuwa bado yupo. Akamwita meneja.

Meneja alitazama huku anakoroga chai.

“Ndiye?”

“Ndiye.”

“Mbona hana sigara?”

“Hajawahi kuvuta, bosi. Nilisema wakati ule. Na huo ufa niliuandikia barua mara mbili kabla hajafa.”

“Sasa si ameuziba?” Meneja alimalizia chai yake. “Andika kipimo cha jana.”

Akaandika cha jana.

Mchana alimleta dada yake, mjane wa shemeji. Dada alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani. Hakulia, alikuwa ameshalia machozi yakaisha.

“Amekonda,” alisema. Kisha akamgeukia mumewe. “Baba watoto, toa mkono upumzike. Hawa watu wamekusingizia.”

Shemeji alitikisa kichwa. Kwa kidevu akaonyesha wachomeleaji watatu waliokuwa kazini pembeni ya tangi, cheche zinaruka, wanacheka jambo lao.

“Ubishi wako ni ule ule,” dada alisema.

Tangu hapo dada huja kila Jumatatu. Ofisi imempa kitambulisho cha mgeni, na imetundika pazia la kufunika ukuta siku za wakaguzi. Ufa haujazibwa na fundi yeyote. Juzi walimwona shemeji akibadilisha mkono: wa kulia ulikuwa umechoka, akaweka wa kushoto.