Besi ya Tata Josias Huchelewa

Jumatano moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, Tata Josias Kyungu alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya kontena jeupe ambalo kampani mpya ililifanya ofisi yake pale Musonoi, na mkononi ana namba arobaini na moja. Mama aliyemtangulia aliandikisha nyumba, choo na miparachichi mitatu. Mwingine aliandikisha makaburi mawili. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na viatu vya kila mtu vilijaa matope mekundu.

Zamu yake ilipofika, msichana wa ofisi aliyeitwa Glodie alimkaribisha kwa adabu, akamuuliza ana kitu gani kitakachoguswa na kupanuliwa kwa shimo la shaba. Josias akajibu kwamba nyumba yake ilikwisha kuandikwa juzi. Yeye alikuja kwa ajili ya sale ya zamani, ule ukumbi wa wafanyakazi. Glodie akamwambia sale si mali ya mtu, ni ya kampani. Josias akasema hilo analijua, wala hadai sale. Alipiga besi mle ndani Jumapili tarehe 18 mwezi wa tisa mwaka 1994, saa tisa na nusu mchana, wimbo mmoja wa dakika nne, na sauti yake bado haijafika. Itafika Jumatatu tarehe 21 mwezi wa saba mwaka huu. Alikuwa anaomba sale isibomolewe mpaka siku hiyo ipite.

Glodie hakushangaa, mama yake alizaliwa Musonoi. Alipekua karatasi zake mara mbili.

"Tata, hapa mu formilere hamuna mustari ya sauti," alisema. "Kuko nyumba, kuko makaburi, kuko miti, kuko mashamba."

Basi akaiandika chini ya mimea isiyokomaa, maana hapo ndipo palipokaribia, akagonga muhuri, akaita namba arobaini na mbili.

Huyu Josias, enzi zake, alikuwa fundi umeme wa kampani ya zamani. Mle saleni mlikuwa na besi kubwa ya kusimama, ile inayompita mtu kimo, iliyoachwa na mzungu mmoja wa maabara aliporudi kwao, pamoja na sahani kumi na nne za jazz. Josias alizisikiliza kila siku akitoka kazini, akaziiga kwa vidole vyake mpaka vikaota sugu juu ya sugu. Uzi ukikatika, alifunga waya wa breki ya baiskeli na maisha yaliendelea. Kufika mwaka 1985, kati ya Kolwezi na Likasi hapakuwa na mtu aliyeweza kutembea chini ya wimbo namna ile, hatua kwa hatua, bila kuukanyaga. Kila Jumapili mchana orkestra yao, Ateliye Jazz, ilipiga, na watu walikuja kucheza hata kutoka Dilala, viatu vimepigwa rangi.

Mwimbaji alikuwa Fidélie. Josias alimpenda kwa sababu moja ambayo kila mpiga besi ataielewa. Watu wote walisikia besi bila kujua wanaisikia, lakini Fidélie aligeuza kichwa siku ambayo Josias aliacha kupiga. Mwaka uleule akamwoa, na walipomzaa Tatiana, Fidélie akaanza kumwita Tata Tatiana, yaani baba yake Tatiana, kama desturi ilivyo.

Mwaka 1990 sauti ilianza kuchelewa. Ilikuwa arusi ya Jumamosi. Josias alisimama na besi yake, vidole vikaenda, nyuzi zikatikisika, na hakuna kilichosikika. Siku ya kumi na moja, Jumatano, mfagiaji wa sale akasikia besi inapiga peke yake jukwaani, muziki wa arusi mzima mzima, akaendelea kufagia. Arusi iliyofuata ilichelewa siku ishirini na mbili, na ya tatu arobaini na nne. Mwalimu Lucien, jirani yao aliyefundisha hesabu, hakuhitaji hata daftari. Kila Josias akipiga, alisema, inachelewa mara mbili ya ile iliyotangulia.

Kazi haikufa papo hapo. Wenye arusi walianza kumwalika mapema. Josias aliingia saleni peke yake, amevaa suti na tai, akapigia viti vitupu. Siku yenyewe ikifika, wenzake wanapiga na besi inatokea mahali pake, na yeye amekaa na wageni anakula kuku. Wapo waliosema hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote za mjini, na walisema kwa wivu. Lakini mambo ya watu hayaendi kwa hesabu ya Lucien. Arusi ya siku themanini na nane iliahirishwa kwa sababu wajomba walivutana, na besi ikatumbuiza kikao cha wazazi wa shule. Ile ya siku mia moja sabini na sita, bibi arusi alikuwa amekwisha kubadilishwa. Wa pili akacheza muziki wa wa kwanza, tena akacheza vizuri. Na ile ya mwisho ilifika karibu miaka minne baadaye, bwana arusi akiwa na watoto watatu. Lucien alipokwisha kuitaja tarehe hiyo, nani angemwalika tena? Orkestra ikamchukua mtu wa gitaa la umeme. Walimwambia kwa upole, na Josias akawashukuru, akaenda nyumbani akalala na viatu.

Baada ya hapo alipiga mara mbili tu, misa moja ya Krismasi na mazishi ya mpiga tarumbeta wao. Ya Krismasi ilikuja baada ya miaka saba na ushei, ya mazishi baada ya kumi na tano, kila moja kwa tarehe ileile aliyoitaja Lucien na mahali palepale ilipopigiwa. Ya mazishi ilitokea makaburini wakati anazikwa mtu mwingine kabisa. Familia yake iliipokea.

Sasa njoo kwenye ile Jumapili ya 1994. Fidélie alikuwa anaumwa kifua, amekwisha kukonda, na yeye mwenyewe alijua zaidi ya daktari. Akaomba waimbe wimbo mmoja pale saleni, wao wawili tu, bila ngoma, bila tarumbeta. Josias akakataa. Besi yangu, alimwambia, itafika baada ya miaka thelathini na kitu, utaimba juu ya nini? Fidélie alikuwa anafunga kitambaa chake mbele ya kioo.

"Tata Tatiana, piga tu," alisema. "Itakuya. We utakuwa pale."

Akapiga. Fidélie aliimba peke yake mbele ya viti vitupu, na Lucien akarekodi kwenye kaseti. Kila penye nafasi ya besi, Fidélie alinyamaza akaiachia, kama alivyozoea, hata pumzi yake inasikika anangoja. Halafu anaendelea. Alikufa mwezi wa kumi na moja, na kilio chake kilikaliwa siku saba.

Kwa miaka thelathini Josias aliisikiliza kaseti ile, na zile nafasi tupu ndizo zilizomuumiza kuliko maneno. Mke wake alikuwa anamngoja mle ndani, na yeye hafiki. Besi hakuigusa tena. Alitaka kitu kimoja hapa duniani kabla hajafa, dakika nne, kaseti na besi pamoja, mara moja. Ngojangoja huumiza matumbo, watu walimtania hivyo, na yeye aliwajibu tumbo lake limekwisha kuzoea.

Mwezi wa tano barua ya kampani ilifika. Ilisema kwamba mahali papya pa kuhamia pana sale ya kisasa yenye bati la bluu, na kwamba sauti ya Bwana Kyungu itapokelewa huko, kama ilivyofanyika kwa mali nyingine zote za wakazi, makaburi yakiwemo. Josias alikwenda kwa Glodie kumweleza kuwa sauti hufika pale ilipopigwa. Glodie akasema anajua, hata aliandika hivyo, lakini barua imetoka juu. Alimletea kiti. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Sale ilibomolewa kwa asubuhi moja. Kisha mashine zikashuka, zikala udongo chini yake, na ilipofika mwezi wa saba, pale palipokuwa jukwaa palikuwa hewa, mita kumi na mbili juu ya sakafu ya shimo.

Jumatatu tarehe 21 Josias alivaa suti. Alikodi pikipiki mbili za taxi-moto kutoka mahali papya, moja akapanda yeye, nyingine ikapanda besi, imefungwa kwa mpira wima nyuma ya dereva. Lucien alifika kwa miguu na radio ya kaseti, yenye betri mpya. Saa tisa walikuwa kwenye senyenge, ule uzio wa shimo, karibu mita mia nne kutoka pale jukwaa lilipokuwa. Vumbi la kiangazi lilikuwa limesimama hewani. Mlinzi, Dimitri, alimwamkia Josias, akasema kuingia haiwezekani. Tena leo ni siku ya baruti, alisema, saa tisa na nusu kamili wanapasua mwamba. Josias akajiegemeza kwenye senyenge. Dimitri akampa ndoo aigeuze akalie, naye akakataa, mtu hapigi besi amekaa.

Hakuja kuipiga, lakini alishindwa kuja mikono mitupu. Aliiegemeza begani, akaweka vidole juu ya nyuzi bila kuzigusa. Mle shimoni mashine zilirudi nyuma moja moja, kama inavyotakiwa kabla ya baruti, magari yakazima, king'ora kikalia, halafu kukawa kimya ambacho Musonoi haikuwa imekisikia tangu kampani mpya ije. Saa tisa na nusu Lucien akabonyeza kaseti.

Fidélie akaanza. Na chini kule, hewani, besi ikaingia.

Ilikuwa yeye mwenyewe. Josias aliutambua ule waya wa breki, uzi wa tatu, unavyokwaruza kidogo. Lakini mita mia nne ni mbali, na besi ilifika senyengeni imechelewa pigo moja. Fidélie anaacha nafasi, nafasi inapita, ndipo besi inaijaza pasipo mtu. Kitu kidogo, mwingine asingekisikia. Josias alinyoosha mkono, akasimamisha kaseti, akahesabu pigo moja, akaiachia. Vikakutana. Fidélie akanyamaza, besi ikapita pale aliponyamaza, Fidélie akaendelea juu yake. Josias alilia waziwazi, mdomo wazi, na Lucien alitazama pembeni ili asimwaibishe.

Radio ya Dimitri ikakohoa. Ilikuwa sauti ya mkubwa wa shimo.

"Kuko muziki mu shimo. Kuko mutu kule?"

Watu wa shimo wakatazama. Kanuni ni kanuni, penye mtu baruti haipigwi. Ubeti wa kwanza ulipita wakitazama, na wa pili, na wa tatu. Josias alimshika Dimitri mkono, akamwomba awaambie yupo mtu, dakika moja tu. Dimitri alikuwa na kazi hii kwa miezi minne na watoto wawili. Alishika radio, akaileta mdomoni, akaishusha.

"Hapana, chef," sauti nyingine ilijibu kutoka chini. "Hakuna mutu. Ni muziki tu."

"Bon. Kama hakuna mutu, piga."

Ardhi iliruka. Vumbi likapanda mpaka likaficha jua, mawe yakanyesha shimoni, na mashine zote zikawashwa kwa pamoja. Ubeti wa nne wa besi ulipita ndani ya ule mshindo. Haukusikiwa na mtu.

Kaseti haikusimama. Fidélie alikuwa anaimba ubeti wake wa mwisho karibu na mguu wa Lucien, anaacha nafasi, anangoja. Vidole vya Josias vikashuka vyenyewe kwenye nyuzi. Alimpigia ubeti wote, macho yamefumbwa, kila nafasi mahali pake, na nyuzi zilitikisika bila sauti. Kisha kaseti ikakwaruza, ikakata.

Lucien alifuta miwani. Akasema taratibu kwamba hiyo itafika baada ya miaka sitini na moja na miezi minane, hapa hapa kwenye senyenge, tarehe 26 mwezi wa tatu mwaka 2087. Josias akauliza itakuwa siku gani ya juma. Lucien akahesabu, akasema Jumatano. Dimitri aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba senyenge yenyewe inasogezwa keshokutwa, mita hamsini, kwa sababu shimo linakuja huku.

Ikasogezwa. Mkubwa wa shimo aliandika katika ripoti kuwa baruti ya Jumatatu ilichelewa dakika tatu kwa sababu za kelele. Glodie, alipopata nakala, alichomoa karatasi ya Tata Josias kwenye faili, akaandika kwamba zao limekomaa na limepokelewa, akaifunga.

Josias alirudi mahali papya, akakung'uta suti, akala ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo kwa Tatiana, akasema chakula ni kitamu. Alikuwa amesikia beti tatu, na alimshukuru Mungu kwa zile tatu. Halafu akatoa kiti nje, akakaa, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho hesabu ya Lucien haikukitaja. Miaka thelathini alikuwa na siku ya kungojea, na asubuhi aliamka kwa ajili yake. Siku ilikuwa imepita. Hamu ilikuwa palepale, nzima, na jioni ilikuwa bado ndefu.