Kumkomboa Haitham

Bi Waride wa Mbwera alikuwa na jina alilolitunza kama watu wanavyotunza mbegu ya mpunga, darini, mbali na panya, likingoja mvua yake. Lilikuwa jina la marehemu mumewe, Haitham. Katika visiwa vyote vya delta hapakuwa na mwanamume mwingine aliyeitwa hivyo, na majirani waliokuja kuliomba kwa ajili ya watoto wao aliwarudisha na maneno matamu na mikono mitupu.

"La mjukuu wangu hilo," aliwaambia. "Likishavaliwa na wengi litapauka."

Wajukuu wakaja, wote wa kike, wazuri, wenye macho kama ya swala. Bibi aliwapenda na kuwasuka nywele, lakini hakuna hata mmoja wa kumvika Haitham. Umri nao haukumngoja. Alianza kuogopa kwamba atakwenda ahera, mumewe atamuuliza, "Jina langu umemwachia nani?" naye atakosa la kujibu.

Kwa hiyo habari ilipofika kwa boti kwamba Ummy, mke wa mwanawe Abdillah, kajifungua mtoto wa kiume huko Kibiti, Bi Waride alicheka peke yake jikoni mpaka wali ukaungua. Akamfunga jogoo miguu, akatia mchele kwenye kikapu, akapanda boti hadi Nyamisati, na kutoka hapo akadandia lori la wafanyabiashara wa kamba. Njia nzima alikuwa akijisemea "Haitham bin Abdillah, Haitham bin Abdillah," mpaka utingo akamuuliza kama anamtafuta mtu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kibiti, ambayo juzijuzi tu watu waliyapangia foleni ya sabuni, sasa yalikuwa na sabuni za rangi zote na kila mtu alikuwa mfanyabiashara wa kitu fulani. Abdillah aliuza mitumba. Ua wake ulijaa marobota, na siku ya saba ya mtoto, siku ya akika na ya kutoa jina, robota moja lilikuwa limefumuliwa katikati ya ua: makoti mazito ya baridi ambayo Kibiti haijapata kuiona, yamelundikana kama kichuguu.

Watu walijaa. Sheikh Sadallah alikaa kwenye mkeka wake akisubiri kutia dua. Mtoto alikuwa ameshanyolewa, nywele zake zimewekwa kwenye jani la mgomba zikingoja kufukiwa. Bi Waride alikuwa amempakata, kanyooka kama mlingoti. Alikuwa mwanamke wa heshima zake. Huko Mbwera hata watoto watundu walipomwona walijifuta kamasi.

Akamjia dada mmoja mwenye mimba kubwa, khanga kaifunga juu ya tumbo, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, una nywele za mtoto mikononi. Nipe nikushikie, ukanawe."

Malezi mema hayo, alijisemea Bi Waride. Akampa mtoto, akaenda kunawa. Aliporudi alimkuta Abdillah kashika kichwa.

"Mama! Mtoto umempa nani?"

"Nimempa binti mwenye adabu zake."

"Adabu gani! Huyo Tabu, Mmatumbi! Mtani wetu!"

Tabu alikuwa keshapiga kigelegele kikafika barabarani. "Mashahidi mpo? Sikuiba, nimekabidhiwa! Kwa mikono yake mwenyewe! Basi sikilizeni jina: huyu ni Mitumba! Mitumba bin Abdillah! Kaja robota zima!"

Ua ukalipuka. Watu waliangukiana, Ummy alicheka ndani mpaka akashika tumbo lake lenye maumivu, hata Sheikh Sadallah alijifunika uso kwa kilemba.

Bi Waride peke yake hakucheka. Alijua sheria za utani. Mtoto ambaye mtani kamnyakua hurudishwa kwa kelele kidogo tu. Lakini ukimpa mwenyewe kwa mkono wako siku ya jina, mtoto ni wa mtani mpaka umkomboe, kwa kitu atakachotaka yeye, kabla nywele hazijafukiwa. Ukishindwa, sheikh atasoma jina lenu, na mtaa utaita la mtani. Huko Bungu palikuwa na mzee ambaye ndugu zake walijiona wakubwa mno, wakakataa kumkomboa. Kwenye dua aliitwa Dadi. Ukimuulizia Dadi Bungu nzima, watu watakutazama tu. Muulizie Pancha, jina alilopewa na mtani, hata mbuzi watakupeleka kwake.

"Nina jogoo," alisema Bi Waride.

"Huyo tunamla hata usipomtoa."

"Nina mchele wa Mbwera, wa kunukia."

"Na huo ndio wa kumlia jogoo. Mama, mimi sitaki chakula. Nataka kujua. Mnataka kumwita nani huyu?"

"Haitham."

"Hai-nini? Jamani, kuna mtu analijua?" Hakuna aliyelijua. "Basi tuambie limetoka wapi. Si kwa mdomo, mdomo hata kasuku anao. Tuoneshe!"

Bi Waride akatazama lile jani la mgomba. Akatazama watu. Magoti yake hayajawahi kufanya upuuzi mbele ya kadamnasi tangu alipoolewa. Kisha akamtazama mtoto kwapani mwa Tabu, akipiga miayo, Mitumba wa maisha, na akaifunga khanga yake upya, kwa nguvu.

"Baba mkwe wangu Swalehe alikuwa mkata boriti," alianza. "Siku moja maji yamekupwa, mchana kweupe, nahodha mmoja Mwarabu aliyekuja kupakia boriti akashuka chomboni kwa haraka zake. Hakuuliza wenyeji. Akakanyaga tope la mikoko."

"Tuoneshe!" walipiga kelele.

Bi Waride akaingia katika lile lundo la makoti. Mguu mmoja ukazama. Akaingiza wa pili, akazama hadi kiunoni, kisha akajisukuma mpaka makoti yakamfika kifuani na kofia ya manyoya ikamkalia begani. Watoto walirukaruka kwa furaha.

"Akawa anazama hivi! Kiswahili hajui! Akaona atakufa bila mtu kujua nani kafa, akaanza kulitaja jina lake." Bi Waride akainua mikono miwili juu, akapaza sauti ambayo mwenyewe hakujua kama anayo: "Haitham! Mimi Haitham! Haithaaam!"

"Zama mama, zama!"

"Sasa ng'ambo ya mkondo, mke wa Swalehe yuko kwenye uchungu. Na kwetu jina la kwanza kuingia mlangoni mtoto akitoka, ndilo lake. Nje linalia, Haitham! Ndani mtoto analia, nga! Nje Haitham, ndani nga! Wakunga wakasema, basi, kajibu mwenyewe."

"Na nahodha je?" aliuliza sheikh, ambaye sasa alikuwa amesimama.

"Walimtoa kwa mbao, kalala kifudifudi kama chewa. Akaja kumtazama mtoto na tope lake lote, ikabidi waoshwe wote wawili. Haya, nitoeni na mimi!"

Wanawake wanne walimvuta, wakaanguka chali na makoti yao, na Bi Waride akatoka amevaa mkono mmoja wa jaketi asilolijua. Na hapo ndipo kicheko kikamshika. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamkalisha chini.

"Bado maana," alisema Tabu, akijifuta machozi. "Lina maana gani?"

"Kwa Kiarabu ni kinda la tai," alisema Sheikh Sadallah.

"Kinda la tai lizame matopeni!"

"Na wangu alimkimbia jogoo," alisema Bi Waride, hana tena pumzi. "Wallahi! Jogoo wa jirani alimdonoa kisigino tukiwa maharusi. Tangu siku hiyo akimsikia anawika, tai wangu anaingia ndani na kukomea mlango!"

Watu waligaragara. Tabu akasogea, akapiga goti kwa mara ya pili, akamweka mtoto mapajani mwa Bi Waride.

"Chukua Haitham wako, mama. Umemkomboa. Lakini mtani haondoki mikono mitupu." Akapapasa tumbo lake. "Nami nikipata wa kiume, ni hilohilo."

"Hapana!" Neno lilimtoka Bi Waride kabla hajalifikiri. "Hilo ni letu. Nimelitunza."

Kicheko kikakatika. Tabu hakuwa na utani usoni sasa.

"Mama, tangu azikwe mzee, umesikia mtu analiita?"

Bi Waride akajaribu kukumbuka. Alilisikia kwenye hitima. Alilisikia kichwani mwake. Lakini kuitwa, mtu kaitwa aje ale, kaitwa alete maji, katukanwa kwa ajili ya mlango alioacha wazi, hapana. Majirani wale aliowarudisha, watoto wao wangekuwa akina Haitham wenye ndevu sasa. Mumewe angekuwa ameitwa kila siku.

Akambusu mtoto kwenye kichwa chake kipya chenye upara.

"Lichukue," alisema. "Lakini ujue linakuja na tope lake."

"Tope tunalo!"

Sheikh akatia dua, nywele zikafukiwa, na Haitham bin Abdillah akapewa ulimwengu. Jogoo aliliwa.

Tabu akapata wa kiume kweli, akampa jina hilo. Dada yake aliyeolewa Mahege naye akampa wake. Waliokuwapo siku ile waliisimulia habari ya makoti kila walikokwenda kuuza na kununua, na kila aliyeisikia, akicheka, mkewe akiwa mjamzito, alisema, hata sisi. Wengine waliongeza chumvi, wakasema nahodha alizama hadi kofia, wengine wakasema alikuwa mfalme. Bi Waride aliyasikia yote, wala hakumrekebisha mtu.

Miaka michache baadaye, mavuno yalipokwisha, alikuwa amepanda lori kwenda kuwaona wajukuu. Liliposimama Bungu, mwanamke mmoja muuza korosho aliacha sinia lake na kukimbia nyuma ya kitoto kilicho uchi, kimebeba kandambili ya abiria.

"Haitham! We Haitham! Rudisha kiatu cha watu, mwizi mkubwa we! Leo nitakuchapa!"

Bi Waride alisimama juu ya magunia, akachungulia, meno yote nje.

"Mchape taratibu, mwanangu!" alipiga kelele. "Huyo mume wangu!"

Lori likaondoka. Yule mwanamke alibaki barabarani kashika kandambili, na abiria wakamsogelea bibi, wakimtaka awaeleze.