Darubini ya Tatu

Mtu aliyeingia dukani kwa Nyanchoka Alhamisi ile alisema, "Habari za kazi, dada, naomba unisaidie," na papo hapo Nyanchoka akamshuku. Homa Bay mjini hakuna anayeomba. Watu huingia, huweka miwani iliyovunjika juu ya kaunta na kuuliza, "Hii itatoka lini?" Kiswahili laini namna ile kilikuwa cha wahubiri au cha matapeli, na huyu hakuwa na Biblia.

Alikuwa na mkoba wa turubai. Aliutazama mlango kwanza, kisha akatoa vitu vitatu vilivyofungwa kwa taulo na kuvipanga mbele yake. Zilikuwa darubini za bunduki.

"Zako hizi?" Nyanchoka akauliza.

"Bado. Nimepewa nizijaribu, nitakayoipenda nilipie, nyingine nirudishe. Shida ni kwamba kila muuzaji anasifu yake. Nimeambiwa hapa Homa Bay wewe ndiye fundi wa vioo. Nichagulie ile inayoona vizuri mwanga ukiwa hafifu, na bei yake isiniumize."

"Ya kufanyia nini?"

"Kuwindia."

Alilisema neno hilo waziwazi, kama mtu anayesema kulimia. Kuwinda nchini Kenya kulipigwa marufuku kabla Nyanchoka hajazaliwa, naye alikuwa na miaka arobaini na moja. Tena upande wa Magunga, ambako shemeji yake alifanya kazi ya kulinda wanyama, kulikuwa na uvumi kwamba watu wanauza nyama ya porini kwa kilo.

Yule mtu aliona uso wake umebadilika. Akajitambulisha kuwa anaitwa Maroa, Mkuria wa Isebania, na kwamba kwa miaka kumi amekuwa msoma nyayo wa kampuni ya uwindaji upande wa Tanzania, ambako wenye vibali huruhusiwa kuwinda. Akafungua bahasha na kumwonyesha karatasi zenye mihuri. Nyanchoka alizisoma zote. Moyoni alijiambia kwamba muhuri huchongwa na fundi yeyote mwenye kisu na mpira.

Angeweza kumfukuza. Lakini akimfukuza, nani angejua ameelekea wapi? Na kusema kweli, vioo vilikuwa udhaifu wake. Alikuwa akitengeneza miwani tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na hakuwahi kushika kioo cha namna ile.

"Twende huku ndani," akasema.

Chumba cha nyuma ndicho alichopimia watu macho. Ukutani palikuwa na kadi ya herufi, kubwa juu, ndogo chini. Alishusha pazia na kupunguza taa hadi herufi zikawa kama kivuli.

"Hivi ndivyo kulivyo saa kumi na mbili kasorobo asubuhi," Maroa akasema kwa sauti ya kuridhika. "Hapo ndipo mnyama anapotoka kwenye kichaka."

Nyanchoka hakupenda jinsi alivyojua.

Darubini ya kwanza ilikuwa ndefu, imeandikwa 24 kwa rangi ya dhahabu. Maroa aliipenda waziwazi. "Hii inavuta mara ishirini na nne," akasema, "na ni elfu kumi na nane tu."

"Vuta zote. Soma mstari wa tatu."

Maroa akakodoa jicho. "Sioni kitu. Giza."

"Rudisha hadi sita."

"Aa! Sasa naona."

"Ukivuta sana, mwanga unapungua. Ni kama chai. Majani ni yale yale, wewe unaongeza maji tu. Usinunue namba, nunua kioo." Akaielekeza kwenye taa na kuona mng'ao mweupe ukirudi. "Na kioo chenyewe hakina utando wa kupitisha mwanga. Mwanga unaogonga hapa mbele unarudi ulikotoka, haukufikii."

Ya pili ilikuwa mpya ndani ya sanduku lake, elfu tisini. Hiyo ilisoma mpaka mstari wa tano bila shida. Ya tatu ilikuwa imetumika, imechubuka pembeni, inavuta mara sita tu, lakini kioo chake cha mbele kilikuwa kipana na kilipogeuzwa kilitoa rangi ya zambarau iliyokolea. Nyanchoka aliweka jicho, na mstari wa mwisho, ule ambao hata yeye husoma kwa kukisia, ukasimama mbele yake herufi kwa herufi.

"Hii wanataka ngapi?"

"Elfu thelathini na tano."

Nyanchoka akaishusha polepole. Kioo kama kile, hata kikiwa kikuukuu, hakiwezi kuuzwa chini ya laki moja na nusu. Mtu akiuza kitu kizuri kwa bei ya kutupa, mara nyingi si chake. Na pale ambapo pete ya kuishikilia kwenye bunduki hukaa, palikuwa na ukanda wa rangi ya bluu uliopakwa kwa haraka.

"Ndiyo hii," akasema. "Lakini ina kuvu ndani. Niachie mpaka Jumatatu niisafishe."

Huo ulikuwa uongo. Maroa aliichukua, akaitazama dhidi ya taa, akamtazama Nyanchoka. "Mimi sioni kuvu."

"Ndiyo maana mimi ni fundi na wewe si fundi."

Maroa aliipiga darubini picha tatu kwa simu, akadai risiti, akaisoma mara mbili. Kila mmoja alimshuku mwenzake, na wakaagana kwa adabu.

Alipobaki peke yake, Nyanchoka alikwangua ile rangi kwa wembe. Chini yake palikuwa na maandishi yaliyochongwa kwenye chuma: GN 02.

GN ilikuwa Got Nyaika, hifadhi ndogo ya wanakijiji karibu na Magunga. Miezi minane nyuma, darubini ya bunduki ya sindano, ile ya kulaza wanyama ili watibiwe, ilipotea stoo. Wiki hiyo ufunguo ulikuwa kwa askari wa hifadhi aitwaye Cephas, na Cephas akafutwa kazi. Magunga nzima ilimwita mwizi. Nyanchoka pia. Filister, mke wa Cephas, alipokuja dukani na miwani ya mtoto, Nyanchoka aliiondoa saa yake kwenye kaunta na kuitia mfukoni, na Filister akamwona.

Akampigia simu Job Omondi, mume wa mdogo wake Bonareri, ambaye alikuwa naibu wa mkuu wa askari hapo Got Nyaika.

"Shemeji, kuna mtu ameniletea kitu chenu kilichopotea."

Job akasema, "Usimwambie mtu. Nakuja kesho."

Alikuja Ijumaa duka likifunguliwa. Hakuja na gari la hifadhi, alikuja na bodaboda, amevaa shati la nyumbani. Hakuweka jicho kwenye darubini. Aliigeuza moja kwa moja hadi mahali pa pete.

"Nani amekwangua hapa?"

"Mimi."

"Kuna mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Huyo mtu alikwambia ameitoa wapi?"

"Kwa muuzaji. Hakusema nani."

Job akapumua. "Sawa. Naondoka nayo. Ufuatiliaji niachie mimi."

Nyanchoka alikuwa akimwangalia mikono. Kidole gumba kilikuwa kikisugua yale maandishi, kinasugua tu. "Job," akasema, "mbona hujaniuliza huyo mtu anaitwa nani?"

"Nitamuuliza mwenyewe."

"Utamuulizia wapi, na hata namba yake hujaniomba?"

"Shem, hii ni kazi yangu."

"Basi saini hapa kwamba umeichukua." Akasukuma kitabu cha risiti mbele yake.

"Mimi na wewe tuandikiane? Wewe ni dada ya mke wangu!"

"Tuandikiane."

Wakatazamana. Mama mmoja mzee akaingia akipapasa fremu ya mlango, amekuja kuchukua miwani yake. Job aliiacha darubini juu ya kaunta kama kitu cha moto. "Jumapili tutapita kwako, mimi na Bonareri," akasema, na akatoka.

Nyanchoka alimhudumia yule mama, kisha akampigia Maroa.

"Nipe namba ya aliyekuuzia ile ya zamani."

"Ya nini? Mbona sasa unaniuliza kama askari?"

"Kwa sababu umebeba mali ya wizi, kaka yangu, na sidhani ulijua. Nataka kuamini kwamba hukujua."

Maroa alisema hakumwona muuzaji, waliongea kwa simu tu na darubini ikaachwa kwenye duka la dawa za mifugo. Kisha akasoma namba, polepole. Nyanchoka akaiandika kwenye simu yake ya pili. Kabla hajafika tarakimu ya mwisho, jina likajitokeza lenyewe kwenye kioo cha simu: Job wa Bonareri.

Alikaa chini. Kitu cha kwanza alichotaka ni kumpigia mdogo wake. Alibonyeza jina la Bonareri, simu ikaita mara moja, akaikata. Bonareri akijua, Job atajua. Na kama Bonareri alijua tangu zamani? Wazo hilo lilimuumiza kuliko jina lenyewe, kwa maana ndiye aliyemlea Bonareri baada ya mama yao kufa. Hata hivyo halikutoka. Jumamosi, siku yake ya Sabato, alikaa kanisani asisikie neno moja la mahubiri.

Jumapili, kabla ya Job kupita, alikuwa tayari Magunga. Alimpelekea darubini Daktari Lynnet, mganga wa wanyama aliyeitumia bunduki ile ya sindano, na kumwonyesha namba ya simu. Daktari hakusema mengi. Alimwita mwenyekiti wa hifadhi, na Job, aliyekwisha kuondoka kwenda Homa Bay, akapigiwa simu arudi.

Alipoiona darubini mezani, Job hakubisha. "Nilitumia ufunguo wa akiba. Niliona ni chombo tu," akasema. "Sikujua watamfuta Cephas."

"Na walipomfuta?" Daktari Lynnet akauliza.

Mwenyekiti hakungoja zaidi, akawapigia polisi.

Nyanchoka alimtafuta Filister sokoni, akamkuta akipanga nyanya. Alimweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti. Cephas alikuwa Uriri, akipakia miwa kwenye matrekta.

"Mimi nilijua," Filister akasema. "Nalala naye kitanda kimoja, ningekosa kujua? Ni nyinyi mliohitaji kioo ili muone." Akaendelea kupanga nyanya. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini umekuja. Wengine hawatakuja."

Cephas alikubali kurudi kazini kwa sharti moja, kwamba mwenyekiti atangaze barazani, mbele ya watu wale wale walioitwa siku alipofutwa. Ilifanyika hivyo. Nyanchoka alihudhuria na kusimama nyuma.

Maroa naye alikuwa amerudi Homa Bay Jumatatu ile waliyoagana. Alikwisha kuandika maelezo yake kwa polisi, na alikuwa na hasira za mtu aliyeshukiwa bure. Nyanchoka alimwomba msamaha kwa ule uongo wa kuvu. Maroa akaamua kulipia ile mpya ya elfu tisini, lakini kwanza akaijaribu tena mwenyewe chumba cha nyuma, taa ikiwa imepunguzwa, kwa dakika ishirini nzima.

Bonareri hakupiga simu kwa wiki tatu. Alipopiga, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Niliogopa utamwambia."

"Ningemwambia. Ni mume wangu." Nyanchoka akasikia mtoto akilia upande wa pili. "Lakini ulifikiri mimi nilijua, siyo?"

Nyanchoka alitamani kusema hapana.

"Ndiyo," akasema. "Siku mbili nzima."

Bonareri hakukata simu. Alimwambia asubiri, akaenda kumbembeleza mtoto, na Nyanchoka akasubiri, simu ikiwa sikioni, mpaka aliporudi.