Magoli ya Kushoto

Vitalis alirudisha nyuma goli la pili la mechi dhidi ya Tandika, akaisimamisha picha mpira ukiwa bado mguuni mwa mshambuliaji. Akasogeza kiti karibu na televisheni, akaiachia picha iende polepole. Mshambuliaji akapiga. Shuti lilikuwa jepesi, likaelekea kushoto kwa kipa, mahali pa kunyoosha mkono tu. Kipa hakusogea. Aliruka mpira ulipokuwa umeshatulia wavuni.

“Mtandao,” alisema Nirali. Alikuwa amepanda ngazi za stoo ya Vitalis na chupa ya chai, akijipenyeza kati ya mabeseni yaliyopangwa hadi darini. “Andika mtandao, Mangi, tumalize.”

“Nimeshaandika mtandao mpaka naona aibu.”

Hicho ndicho kilikuwa kisingizio cha timu ya Mchafukoge msimu mzima. Ligi yao ya gemu ya mpira ilichezwa mtandaoni, kila mtu na pedi yake mahali alipo, mmoja dukani, mwingine kitandani. Nirali alikuwa beki, akichezea chumba cha nyuma cha duka la miwani la baba yake. Walikuwa wameshika mkia. Na sheria ya ligi ni kwamba timu iliyoshika mkia msimu ukiisha hutuma tathmini kwenye kundi la simu: kila goli ililofungwa, kosa la nani, na nini kitabadilika. Manahodha wakiridhika, inabaki. Wasiporidhika, nafasi yake wanapewa wengine. Nahodha wa Mchafukoge alikuwa Vitalis, na tathmini ilitakiwa kesho jioni.

Wengi hawakuona haja ya kuisubiri. Walishamhukumu kipa, Godbless. Kundini waliandika kwamba anauza mechi, na kwamba Mangi, kama walivyomwita Vitalis, anambeba kwa sababu wote wawili ni wa Kibosho, tena Godbless ndiye dereva wake wa Kirikuu, kile kigari cha kusambazia mabeseni. Vitalis hakuwajibu. Hakupenda kuandika jina la mtu penye kosa kabla hajarudia kuangalia.

“Kaa uone,” alisema. “Katikati ya msimu tulimhamishia Godbless humu stoo, kwenye waya wa moja kwa moja. Mtaa mzima hakuna laini kama hii. Sasa angalia.”

Shuti kali kulia: Godbless akaruka, akadaka. Jingine kulia, akalipangua. Likaja la kushoto, likapita. La kushoto tena, likapita.

“Mtandao ungechelewa pande zote,” alisema Vitalis. “Huu unachelewa kushoto tu.”

Nirali aliacha kumimina chai.

“Kile kioo cha pembeni cha Kirikuu kilichovunjika juzi ni cha upande gani?”

“Kushoto. Aligonga mkokoteni.”

“Na cha kabla yake?”

Vitalis aligeuka kutoka kwenye televisheni. Kilikuwa cha kushoto vilevile, na mkokoteni vilevile, na wote walicheka wakasema wasukuma mikokoteni wa Kariakoo wanapita kama barabara ni ya babu yao.

“Watu wa namna hiyo wanakuja dukani kwetu,” alisema Nirali taratibu. “Wanataka miwani. Baba anamziba mtu jicho moja, anampitishia kalamu kutoka pembeni. Mwingine haioni mpaka ifike puani. Huyo, Baba hamuuzii miwani, anamwambia awahi hospitali. Presha ya macho.”

“Wanapona?”

“Kilichokwisha kupotea hakirudi. Wanalinda kilichobaki.”

Vitalis alimkumbuka baba yake Godbless akishikwa mkono kwenda kanisani Kibosho. Kijijini walisema ni uzee, na wala hakuwa mzee.

Honi ya Kirikuu ililia chini. Godbless akapanda ngazi akiimba, kofia kisogoni.

“Mambo, mabingwa wa kushika mkia!”

“Poa,” alisema Nirali.

“Mangi, bado unapima damu ya magoli yangu? Si ungekuwa daktari tu! Mabeseni ya Ilala nimeshapakia nusu, asubuhi namalizia, naondoka.” Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akatazama picha iliyosimama. “Hao Tandika wana bahati. Siku ile laini ilikuwa mbovu, nilisema toka mwanzo, nikasema jamani…”

Nirali alikuwa amesimama kushoto kwake. Alichukua kalamu ya Vitalis mezani, akaisogeza polepole kutoka pembeni. Godbless aliendelea kuongea. Kalamu ikapita sikio, ikapita shavu. Aliendelea kuongea. Ilipokaribia pua ndipo aliposhtuka, akarudisha kichwa nyuma.

Nirali aliirudisha kalamu mezani.

“Msinifanyie hivyo,” alisema Godbless.

“Tangu lini?” aliuliza Vitalis.

“Tangu kabla ya Pasaka.”

“Na unaendesha gari langu katikati ya watu.”

“Nifanye nini, Mangi? Nikiacha usukani nakula nini?” Alivua kofia, akaiweka gotini. “Golini nilikuwa najipima. Kila mechi nilisema nikidaka ya kushoto hata moja, basi sijafika alipofika mzee. Moja tu. Ndiyo maana niligoma kubadilishwa namba.”

Vitalis alisimama. Alinyoosha mkono apewe funguo. Godbless aliutazama mkono ule, kisha akatoa funguo za Kirikuu mfukoni, akaziweka kwenye beseni la juu badala ya kiganjani.

“Baba anafungua saa tatu,” alisema Nirali. “Kaka Godbless, nitakusubiri mlangoni.”

“Mzee naye alisubiriwa mlangoni, ashikwe mkono. Tutaona.” Akamgeukia Vitalis. “Andika nimeuza mechi.”

“Hukuuza.”

“Andika hivyohivyo. Aliyeuza mechi anasamehewa, wanamtania wanasahau. Humo kundini kuna matajiri wa mizigo wa Kariakoo nzima. Ukiandika macho, hakuna atakayenipa hata mkokoteni nisukume.”

Alishuka ngazi, bega lake la kushoto likikwaruza mabeseni hadi chini.

Simu ya Vitalis iliwaka. Kundini mtu alikuwa ameandika: Mchafukoge, tathmini vipi, au na nyie mnasingizia mtandao? Wengine wakafuatisha vicheko. Vitalis aliandika “Goli la pili, Tandika. Kosa la”, akaishia hapo. Akafuta. Akaandika tena palepale, akafuta tena.

“Zimebaki mechi ngapi za kutathmini?” aliuliza Nirali.

“Nyingi. Zote za mwisho wa msimu.”

“Utaandika nini?”

“Sijui.”

Alizima televisheni. Aliziokota funguo, akazitia mfukoni, ingawa hakujua kuendesha. Kutoka dirishani aliiona Kirikuu, mzigo wa Ilala umefungwa kamba nusu, nusu nyingine imelala barazani. Godbless alikuwa amesimama mbele ya gari, upande wa kushoto, anakipapasa kioo kilichovunjika.

“Nitaendelea kesho,” alisema Vitalis.