Timazi la Kisimamo

Katika nchi ya Kisimamo hakuna kilichoheshimiwa kuliko kusimama wima. Nyumba za nchi hiyo zilijipanga mteremkoni kama watu walio kwenye foleni, zote zikitazama juu, ambako watawala wake, walioitwa Washika Uzi, waliishi katika mnara mweupe uliokuwa ukiongezwa ghorofa moja kila mwaka. Na kwa kuwa mawe ya ghorofa hayadondoki kutoka mbinguni, yaling'olewa kwenye misingi ya shule, kwenye kingo za visima na, baadaye, chini ya Ukumbi wa Kipimo wenyewe, uliojengwa ubavuni mwa mnara huo. Wenyeji waliyaona mawe yakipandishwa mlimani, tena wakaimba ili yapande upesi. Walikuwa watu wachapakazi na wapole, na walikuwa na hofu moja tu kubwa.

Hofu hiyo ilikuwa timazi. Ni kitu kidogo: uzi na kipande cha shaba chenye ncha, ambacho waashi hukining'iniza kando ya ukuta ili wajue kama umesimama sawasawa au umeinama. Mababu wa Kisimamo walilitundika kwenye dari ya Ukumbi, na baada ya vizazi kadhaa hakuna aliyekumbuka walikusudia kupima nini. Basi likapima watoto. Kila mtoto aliyetimiza miaka kumi na miwili alisimamishwa mbele yake, visigino pamoja, na mzee aliyeitwa Msoma Uzi akafumba jicho moja na kutazama. Uzi ukipita katikati, kutoka kwenye paji la uso hadi kati ya nyayo, mtoto aliitwa Mnyoofu na kupelekwa shule za juu. Usipopita aliitwa Mshazari, na jina hilo lilimfuata mpaka kwenye machimbo ya udongo na, nasikitika kusema, mpaka kaburini. Watoto wa Washika Uzi nao walipimwa, kwa kuwa nchi ilijivunia haki. Ila wao walisimama juu ya zulia nene lililokunjwa upande mmoja, na hakuna aliyeuliza kwa nini lilikunjwa.

Wazazi hawakuelezwa timazi linafanyaje kazi. Waliambiwa waogope, wakaogopa, na hofu yao ikalisha watu wengi. Palizuka Wanyooshaji, waliouza vipande vya nyuzi za mwaka uliopita, ambavyo mtoto alifungwa mkononi ili azizoee. Lakini kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa ubao wa mgongoni: mti mkavu uliofungwa kwa kamba kutoka kisogoni hadi kiunoni, ambao mtoto aliuvaa darasani, mezani na kitandani kwa mwaka mzima, mpaka akasahau kuinama hata kuokota kitu chake mwenyewe. Mbao bora zilitoka kwa seremala mmoja aliyeitwa Shomvi. Watu walizisifu kwa sababu hazikupinda hata kidogo.

Shomvi alikuwa na binti mmoja, Semeni, aliyebakiza miezi mitatu afikishe umri wa kupimwa. Alimchongea ubao wa mninga, akaupiga msasa kwa upendo, akaufunga kwa mikono yake. Mkewe, Mwajabu, alikuwa fundi mwashi, kazi aliyorithi kwa baba yake, na kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha asubuhi moja alimwogesha mwanawe, akaona vidonda viwili mgongoni, vyekundu, kila kimoja upana wa kiganja.

"Inauma?" aliuliza.

"Sijui," mtoto alijibu. "Mwalimu amesema tusifikirie mambo ya mgongo."

Jibu hilo lilimtia Mwajabu uchungu kuliko vidonda. Huyu alikuwa mtoto aliyezoea kuuliza maswali mpaka watu wazima wakajificha. Alimfunika kwa kanga, akauchukua ubao na kwenda nao hadi karakana ya mumewe.

"Baba Semeni, huu ubao sitaufunga tena."

Shomvi aliiweka randa chini. "Mama Semeni, unataka mtoto aende machimboni?"

"Nataka asimame mwenyewe. Siku hiyo watampima yeye au wataupima ubao wako?"

"Wenzake wote wamefungwa! Yeye peke yake ndiye tumwache hivihivi? Tukikosea, atatulaumu maisha yake yote."

"Tumekwisha kosea," Mwajabu alisema, na sauti yake ikashuka. "Mimi ndiye nimekosea zaidi. Nilipokuwa msichana nilipita chini ya Ukumbi na baba yangu, nikauona ukuta wake. Ukuta umeinama, Baba Semeni. Jicho la mwashi haliwezi kupitwa na jambo kama lile. Baba aliniminya mkono ninyamaze, nikanyamaza mpaka leo. Timazi wanalolitundika mle ni chombo cha kazi yangu, nami nimewaacha watu walitumie kuwatishia watoto."

Shomvi aliuchukua ubao, akaugeuza upande wenye alama ya damu, akaketi nao mapajani kwa muda mrefu.

Kuanzia siku hiyo Mwajabu alianza kumwandaa binti yake kwa namna ambayo majirani waliiona kuwa wazimu. Alifunga kokoto kwenye uzi, akampa. "Hili ndilo timazi. Halina hasira na mtu, wala halikujui. Linaonyesha tu ilipo chini na ilipo juu." Wakapima mlango, wakapima mgomba, wakampima kuku, aliyekataa kutulia, na Semeni akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Kisha mama alimvua viatu, akamsimamisha barazani, kwenye ngazi, kwenye mteremko wa kisimani. "Sikiliza nyayo zako. Zitakwambia uzito umelalia wapi." Kila adhuhuri walifanya hivyo kidogo tu, kisha mtoto akala, akacheza, na jua lilipotua akalala chali, mgongo ukipona. Mama alimwuliza anaogopa nini, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Na Semeni akarudi kuuliza maswali.

"Wakiniita Mshazari, je, mama?"

Mwajabu alitaka kusema jambo lisilo kweli, akajizuia. "Nitalia. Halafu nitakupikia. Utakuwa Semeni wangu yuleyule."

Siku ya Kipimo ilifika. Washika Uzi walikaa jukwaani juu ya zulia lao, na Mshika Uzi Mkuu katikati, mtu mnene wa heshima, mwenye viatu vya soli nene vilivyong'aa. Wazazi walibanana nyuma ya kamba. Watoto wanane walitangulia, wote wamekakamaa ndani ya mbao zao, wakasimama kama misumari iliyopigwa sakafuni, na wote wanane wakaitwa Washazari. Mama mmoja alianguka. Shomvi, ambaye mbao zote nane zilikuwa za mkono wake, alijifunika uso.

Semeni aliingia peku. Alitulia, akaziacha nyayo zitafute, akakunja goti la kulia kidogo sana. Uzi ulipita katikati ya paji la uso wake, ukashuka mpaka kati ya nyayo.

"Mnyoofu," Msoma Uzi alitamka, kabla hajakumbuka kumtazama bwana wake.

"Ngoja," Mshika Uzi Mkuu alisema. "Huyu amekunja goti. Nani amekufundisha ujanja huu, binti?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Si ujanja," Semeni alijibu. "Sakafu imelala kushoto. Ningekakamaa, ningelala nayo. Wenzangu wamekakamaa kwa sababu ya mbao. Wao si washazari."

Nyuma ya kamba Mwajabu alihisi mkono wa mumewe ukiutafuta wake.

"Sakafu hii iliwekwa na mababu!" Mkuu alifoka. "Haijalala, haijapata kulala! Mwandike Mshazari, na huyo aliyemfundisha aletwe hapa." Lakini Msoma Uzi, mzee aliyeyatamka maneno mawili tu kwa miaka thelathini, hakushika kalamu. Mkuu akaona watu hawamtazami yeye, wanatazama sakafu. Akashuka jukwaani kuwaonyesha. Aliliacha zulia, akamsogeza mtoto pembeni, akasimama mahali palepale kama sheria inavyoagiza, visigino pamoja, kifua mbele, amekakamaa.

Uzi ulianzia kati ya viatu vyake vinavyong'aa, ukapanda, ukaiacha tai yake, ukaacha kidevu, ukapita nje kabisa ya sikio lake la kulia. Kipande cha shaba hakikutikisika.

Hakuna aliyecheka. Kilichosikika ni kamba zikifunguliwa: Shomvi alikuwa amevuka kizuizi, amepiga magoti mbele ya mtoto wa kwanza kati ya wale wanane, anamvua ubao, na wazazi wengine wakaanza kufanya hivyo kwa watoto wao. Msoma Uzi alifumba jicho moja, akafungua kinywa, akasubiri.

Semeni alimtazama yule mtu mkubwa aliyeinama bila kujua, akamwonea huruma. Akasogea karibu na kumwambia polepole, kama mama yake alivyomwambia yeye:

"Vua viatu, Mheshimiwa. Utaisikia sakafu."

Mshika Uzi Mkuu aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vyake. Kama alivivua au hakuvivua, watu wa Kisimamo wanabishana mpaka leo. Ila mnara tangu siku ile haujaongezwa hata jiwe moja, na kila anayepita chini yake hutoa mfukoni uzi wenye kokoto, akauinua, akautazama.