Boti Yenye Zulia

Seni Magesa alipoiona ile boti mara ya kwanza alidhani amekosea mahali. Alikuwa ametumwa kujifunza kuendesha boti ya doria, na akilini mwake alikuwa amechora chombo kipana cha chuma, chenye kelele na heshima yake. Alichokikuta kimefungwa kwenye kisiki ukingoni mwa bwawa jipya la Mtera kilikuwa kifupi, bapa kama sinia, kimepakwa rangi nyekundu yenye chengachenga zinazometameta juani kama hereni za bei rahisi. Ndani kulikuwa na viti viwili vya kuzunguka. Na sakafuni, zulia. Zulia la kijani, limelowa, linanuka kama mbwa aliyenyeshewa.

“Hii ndiyo yenyewe?” aliuliza.

“Ndiyo yenyewe,” alisema Andendekisye, mtu aliyewekwa kumfundisha. “Mzungu aliileta kuvulia samaki Jumapili. Mkataba wake ukaisha, akaiacha. Usiidharau, Msukuma. Itakutoa machozi.”

Seni alikuwa ameendesha trekta miaka tisa kwenye mashamba ya mpunga huko Usangu, ambako baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Usukumani yeye akiwa bado mdogo. Mkewe Helena alikuwa amebaki Chimala, hukohuko Usangu. Barua ya kazi ilisema mafunzo ya wiki mbili, halafu mtihani, halafu cheo cha dereva wa boti na nyumba ya bati. Nyumba ya bati ndiyo iliyomleta. Vinginevyo asingetia mguu mahali pale.

Maana ziwa lenyewe lilikuwa linaoza. Maji yalikuwa yamepanda juu ya pori zima bila kulikata, na miti ilisimama humo imekufa wima, maganda yakibanduka vipande vipande. Povu la rangi ya chai lilijikusanya kwenye vishina. Panya, kenge, mbuzi wa mtu fulani: kila asubuhi kulikuwa na kitu kimevimba ukingoni. Harufu ile iliingia kwenye ugali, ikaingia kwenye shuka. Seni alijifunza kupumua kwa mdomo, kisha akagundua kwamba hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu sasa aliionja.

Lakini kilichomtia kinyaa kuliko harufu ni mwalimu wake.

Andendekisye alikuwa mtu wa Matema, amezaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na maji aliyajua kama Seni alivyojua matope. Hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Siku ya kwanza alichomeka kulabu ya kamba fupi kwenye mkanda wa suruali, ncha nyingine ikiwa kwenye swichi ya mashine.

“Ukirushwa nje, kamba inachomoka, mashine inazimika,” alisema. “Wewe utakuwa umekufa, lakini boti itapona.”

Kisha akasukuma mbele wenzo wa mafuta. Pua ya boti iliruka juu hata Seni asione mbele isipokuwa mbingu. Mara ikashuka, boti ikajivuta kutoka majini ikakaa juu ya maji, si ndani yake. Andendekisye akabonyeza kitufe, mashine nyuma ikainuka kidogo, na pua nayo ikainuka tena, polepole safari hii, mpaka ikawa sehemu ya boti inayogusa maji si kubwa kuliko kigoda. Hapo mwendo ulibadilika. Miti iliyokufa ikawa ukuta wa kijivu pande zote mbili. Macho ya Seni yalijaa machozi, kweli, kama alivyoambiwa.

Halafu boti ikaanza kuyumba. Bega la kushoto, bega la kulia, kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi.

“Unaona?” Andendekisye alipiga kelele. “Ndivyo inavyoua. Ukisubiri uone imelalia wapi ndipo ukate usukani, umechelewa, na unaiongezea. Uiwahi! Kidogo tu! Kama unamgusa mtoto aliyelala!”

Na mikono yake ikaenda kidogo tu, kushoto, kulia, na boti ikatulia.

Ni mikono hiyohiyo iliyomfanya Seni ashindwe kula jioni ile. Waliporudi, ndege aina ya mwari kama ishirini walikuwa wametua majini katikati ya njia. Andendekisye hakukwepa. Alielekeza pua kwao kwa usahihi uleule, akapita katikati, na kitu kikagonga kama gunia la mchanga. Damu ikatapakaa juu ya zile chengachenga. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua kitambaa chake, akafuta damu na manyoya, akakikamua, na baadaye, jikoni, akashikia samaki wa moto kwa kitambaa hichohicho na kujifutia midomo.

“Mbona huli, Msukuma?”

“Nimeshiba.”

Njia ilikuwa moja tu. Kabla ya maji kujaa, wajenzi walikuwa wamefyeka mkondo mmoja katika lile pori, na pande zake wavuvi walisimika fito zenye vitambaa. Kwa hiyo boti ilipita humo, na mitumbwi ilipita humo pia, maana hata mtumbwi ukiingia kwenye visiki unatoboka. Andendekisye alikuwa na mchezo wake. Alipouona mtumbwi alipita karibu kwa mwendo wa mwisho, halafu akageuka nyuma kuangalia wimbi likiufikia. Watu walilala kifudifudi kukumbatia mbao. Wengine walichota maji kwa sufuria huku wakitukana kwa Kihehe na Kigogo. Yeye aliwapungia mkono.

“Mwalimu, watu hao wana watoto,” Seni alimwambia siku ya nne.

“Nami ninao. Shika usukani.”

Naye akaushika. Siku za mwanzo alikata usukani kama yuko kwenye tope la mpunga, na boti ilimyumbisha mpaka akapunguza mafuta kwa hofu. Siku moja aliyapunguza kwa ghafla, na wimbi la nyuma likawafuata, likapanda juu ya mashine, likamimina maji ya kunuka kwenye zulia na kwenye viatu vyake. Andendekisye alimchapa kwenye kifundo cha mkono kwa kile kitambaa. “Unashuka ngazi, huruki dirishani! Toa kidogo, ngoja ikae, toa kidogo.” Hilo Seni alilielewa vizuri. Kupunguza mwendo ndicho kitu cha kwanza alichokijua barabara.

Kila asubuhi walimimina petroli, na kila asubuhi Seni alikumbuka alivyopita Ipogolo, pale Iringa, siku ya kuja. Malori ya mahindi yalikuwa yamepangana kando ya barabara kuu yakingoja mafuta, madereva wakipika uji chini ya bodi, siku ya tatu hiyo. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini mafuta hayakuwa yamerudi. Hapa yalikuwapo. Yalikuwapo ya kuulia mwari.

Siku ya kumi na moja boti ilimtii. Aliinua mashine, akasikia mtikisiko wa kwanza chini ya makalio kabla haujawa mtikisiko, akauwahi, akauwahi tena, na ghafla hapakuwa na kushoto wala kulia. Kelele ya mashine ilikuwa kama imebaki nyuma. Harufu nayo ilibaki nyuma. Seni Magesa, mtu mzima mwenye mke, alijisikia anacheka kwa sauti. Aliponyamaza alimkuta Andendekisye anamwangalia kwa kuridhika, kama mtu anayemwona ndugu yake akishuka kwenye basi.

Siku ya mtihani Ndugu Philbert, mkubwa wa ofisi, alikuja kutoka Iringa na wageni wawili. Mbuzi alichinjwa asubuhi, wakala kabla ya mtihani badala ya baada. Ndugu Philbert alikula vipande vya mafuta kwa vidole vyote, akajilamba, akaingia kwenye boti na kukaa kwenye kiti cha pili.

“Mpaka kwenye bendera upande wa Migoli, na kurudi,” alisema. “Andendekisye atashika saa. Nimewaambia wageni hakuna kitu kinachokimbia hivi nchi hii. Usiniaibishe.”

Seni alichomeka kamba kwenye mkanda, akasukuma mafuta. Boti ilipanda vizuri kuliko siku zote. Alikuwa nusu ya njia, boti imetulia kabisa mikononi mwake, na bendera nyeupe imeanza kuonekana, alipouona mtumbwi. Ndani kulikuwa na mtu mmoja amesimama, anausukuma kwa pondo refu. Mwanamke.

Alikuwa na nafasi. Baadaye alijaribu mara nyingi kujiambia kwamba hakuwa nayo, lakini alikuwa nayo, nafasi ya kutosha kushuka ngazi zote, moja baada ya nyingine, na kupita taratibu kama mtu anayepita mlangoni kwa watu. Mkono wake ulikuwa juu ya wenzo wa mafuta. Aliuacha palepale. Alichokifikiria, kama kulikuwa na kufikiri, ni kwamba akishusha sasa atapoteza ule utulivu.

Walipita hatua ishirini kutoka kwake. Aliuona uso wake: mama wa makamo, kitambaa cha bluu kichwani, mdomo wazi.

“Umemwona!” Ndugu Philbert alicheka. “Umemwona alivyoogopa?”

Seni aligeuza shingo. Mtumbwi ulikuwa umelala tumbo juu. Kando yake, kichwa chenye kitambaa cha bluu.

Bendera ilikuwa mbele. Aliifikia kwanza. Aliizunguka, na katika kuizunguka Ndugu Philbert akainama akatapika yote, mbuzi na mafuta yake, juu ya zulia.

Ndipo Seni akapunguza mwendo.

Walimkuta amekalia panda ya mti uliokufa, miguu majini, pondo bado mkononi. Alikuwa anatetemeka, lakini si kwa kulia. Seni alizima mashine.

“Mama, pole sana. Nipe mkono, uingie.”

Mwanamke aliitazama boti, rangi yake, matapishi yake, mtu mnene anayejifuta midomo kwa leso.

“Siingii humo.”

“Mama, maji haya...”

“Uliniona,” alisema. Hakuwa anauliza.

“Nilikuona.”

“Basi nigeuzie mtumbwi wangu.”

Seni alivua viatu, akaruka majini na sare yake. Maji yalimfika kifuani, na chini, badala ya ardhi, alikanyaga kitu laini kilichoingia katikati ya vidole. Magome yaliyooza yalimganda shingoni. Alihangaika kuugeuza mtumbwi, akaanza kuchota maji kwa kopo.

“Seni!” aliita Ndugu Philbert. “Wageni wanangoja. Huyu ni mwogeleaji, si unaona?”

Seni aliendelea kuchota. Mwanamke alishuka kutoka mtini bila kumshika bega alilompa, akaketi kwenye mtumbwi wake na kutazama mahali ambapo gunia lake la unga lilikuwa limezama. Alikuwa anampelekea binti yake aliyejifungua, alisema, lakini alimwambia yule mti, si Seni. Kisha akasukuma pondo, akaenda.

Waliporudi, Andendekisye aliinua saa juu. “Kwenda, haijapata kutokea! Kurudi sihesabu, naambiwa mlipata dharura.” Wageni walipiga makofi. Ndugu Philbert, ambaye sasa alikuwa amenawa uso, alitangaza kwamba Ndugu Seni amefaulu na nyumba yake iko tayari. Waliletewa nyama iliyobaki, imeganda mafuta meupe. Andendekisye alimsogezea kipande kwa mkono wake mwenyewe.

“Kula, dereva. Nilijua utafika tu. Siku ile ulipocheka nilijua.”

Seni alikitazama kile kipande, akatazama ule mkono. Aliinuka akaenda nyuma ya jiko, akainama atapike. Hakuna kilichotoka. Alitamani kitoke.

Asubuhi alikwenda kwa Ndugu Philbert kabla mkubwa huyo hajarudi Iringa. Alisema ataendesha boti, lakini kwenye ule mkondo wa mitumbwi hatakwenda mbio, wala hatafundishwa tena na yule mtu.

“Boti ya mbio isiyokwenda mbio ni ya nini?” aliuliza Ndugu Philbert. “Kama unataka taratibu, rudi kwenye trekta.”

“Nitarudi.”

“Umefaulu, bwana! Watu wanalilia nafasi hii.”

“Najua nimefaulu,” alisema Seni.

Cheo na nyumba alipewa Andendekisye juma lilelile.

Seni alinunua gunia dogo la unga sokoni Migoli, akaulizia mama mwenye kitambaa cha bluu anayevuka kwa pondo. Wakamwambia ni Lea, anakaa juu kule, walikohamishiwa watu maji yalipopanda. Alilibeba gunia kichwani saa nzima kwenye jua, vumbi la unga likimchanganyikia na jasho shingoni. Alimkuta uani anapepeta mtama.

“Hodi, mama.”

Lea alimtambua mara moja. Hakusema karibu. Vigoda viwili vilikuwa ukutani, naye hakuvitazama. Seni alishusha gunia mbele yake, akabaki amesimama.

“Binti hajambo?”

“Mzima. Alikaa na njaa siku mbili, maziwa yakakatika. Sasa yamerudi.”

“Nimekuja kuomba radhi.”

Aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, yakaangukia viatu vya Seni.

“Kule ulikokuwa unakimbilia,” alisema mwishowe, “kulikuwa na nini?”

“Bendera, mama.”

“Bendera.”

“Ndiyo.”

“Na nini kingine?”

“Hakuna kingine.”

Lea aliweka ungo chini. Alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga gizani na sasa kumekucha. Kisha akalikumbatia gunia, akaliinua mwenyewe, akaingia nalo ndani na kuufunga mlango.

Seni alisubiri kidogo pale uani, hakujua anasubiri nini. Halafu akateremka barabarani kutafuta lori la kwenda Iringa.